Mpaka Kilomita ya Thelathini

Lizaboni, Songea
Jumatatu, 8 Aprili 2024

Kassian mdogo wangu,

Naandika kwa kalamu, kisha nitazipiga picha kurasa nikutumie kwa simu. Nikikupigia unasema "niko poa dada" na mazungumzo yamekwisha hapo. Karatasi huwezi kuikata.

Jana nimetoka misa ya kwanza sijala, nikapita moja kwa moja kwa Bakili. Unamkumbuka, yule Myao wa Tunduru aliyekuja mjini na korosho zake akaishia kufungua kibanda umiza cha kuonyeshea mpira nyuma ya duka langu. Jumapili asubuhi hakuna mpira, mabenchi matupu, akaniwekea marathoni. Nikakaa benchi la mbele na nguo za kanisani.

Nikakuona. Kamera ilipotulia tu, nikakuona. Nimekubeba mgongoni mama akiwa shambani, siwezi kuusahau mwendo wako. Bega la kushoto bado linashuka kidogo, kama siku zile unatoka bombani na ndoo. Na ulikuwa mbele, Kassi. Si kwenye kundi. Mbele kabisa, na nyuma yako watu wanane wamejipanga kama vifaranga.

Basi nikatega sikio nisikie jina. Watangazaji wetu walikuwa wawili, wamekaa studio Dar es Salaam, na ninavyowaona mimi hao ni watu wa mpira walioambiwa asubuhi ile ile kwamba leo kuna mbio. Mmoja, mtu akinyoosha mkono kuchukua chupa ya maji, anapiga kelele "hatari sana". Mwingine alikuwa anatusomea habari za daraja: lilijengwa lini, na mfalme gani, lina nguzo ngapi. Nguzo zote zikatajwa. Wewe uliyekuwa unapita juu ya daraja hukutajwa. Wakahamia kwa bingwa wa zamani mwenye goti bovu, wakalieleza goti. Wakahamia mawingu. Umeongoza saa moja na nusu, na katika saa moja na nusu mtu anayelipwa kwa kuongea hakupata nafasi ya maneno mawili, Kassian Luambano. Mara moja tu yule wa daraja akasema, "Wakenya hawa wanatisha." Nikasimama.

"Kaa chini mtani," Bakili akaniambia. "Televisheni haina masikio."

Halafu likaja tangazo la sabuni. Tangazo lilipoisha wale wanane wapo, wewe haupo, kama jina lililofutwa ubaoni. Nikasubiri waseme ameanguka, ameumia, amebebwa na gari la wagonjwa. Hawakusema neno. Waliendelea na hatari sana yao mpaka Mhabeshi mmoja akashinda.

Ulianguka? Nani alikuokota?

Na jambo jingine unalijua. Mama ana mwaka na nusu chini ya udongo mtupu. Mvua za mwaka huu zimelishusha tuta, upande wa miguuni unakaribia kuwa sawa na njia. Kwetu kaburi halijengwi mpaka watoto wote wawepo, na watoto ni sisi wawili. Baba mdogo Thadei ameacha kuniuliza, ananitazama tu. Wewe ulisema hutarudi kama mtu aliyepotea njia, utarudi siku jina lako likitajwa kwenye televisheni. Nilikubali kwa sababu nilidhani ni jambo la miezi. Kumbe tumelikabidhi kaburi la mama kwa watu wawili wanaohesabu nguzo za daraja.

Nitawaandikia. Mimi nilianza na kisado kimoja cha unga wa vitumbua, leo nina duka Lizaboni na mashine ya kusaga Mshangano. Siogopi watu wa studio.

Dada yako,
Imaculata


Utrecht, Uholanzi
17 Aprili 2024

Dada Imaculata, shikamoo.

Sikuanguka. Tumbo lilinibana, nikatoka pembeni ya barabara, nikarudishwa hotelini kwa basi pamoja na wenzangu wawili. Kocha aliridhika. Usikae na wasiwasi na usiiache mashine kwa ajili yangu.

Hapa mvua ni nyembamba, inashuka kama unga unaochekechwa, wala huisikii kwenye bati maana bati hakuna. Nchi yenyewe haina kilima. Kocha akitaka tupande, tunapandishwa ngazi za jengo la kuegeshea magari, ghorofa sita, juu na chini, katikati ya harufu ya mafuta. Nikiwa kule juu natafuta milima yetu ya Matogoro kwa macho, halafu nakumbuka niko wapi.

Kuna duka la Mturuki linauza unga wa mahindi. Ni mweupe kama chaki na hauna harufu yoyote. Nasonga ugali, nakula, nashiba, lakini nikimaliza najisikia kama niliyekula picha ya ugali. Mashine yako bado inakohoa ikiwashwa? Ulisema fundi angebadilisha mkanda. Mimi naomba usiibadilishe sana. Wakati mwingine tukikimbia kwenye ukungu, mbele haionekani, nyuma wananifuata wale wenzangu kimya, masikioni mwangu inakohoa hiyo.

Kuhusu watangazaji, nakuomba usiwaandikie. Hawana kosa kubwa. Wao wanawafuata wale wanaoshindana.

Kuhusu mama nimesoma. Nimesoma zaidi ya mara moja. Septemba kuna mbio kubwa, tuone.

Msalimie sana Bakili na mkewe. Baba mdogo mwambie shikamoo yake iko njiani.

Mdogo wako,
Kassian


Lizaboni, Songea
Jumatatu, 3 Juni 2024

Kassian,

Niliwaandikia. Walinijibu siku ile ile, "Asante, maoni yako ni muhimu kwetu." Nikaandika tena, nikafafanua kuwa huyo si Mkenya, ni mtu wa Songea, jina lake hili, linatamkwa hivi. Wakajibu, "Asante, maoni yako ni muhimu kwetu." Mara ya tatu nikawauliza kama wanajua kusoma. Jibu unalijua.

Sasa na mimi nikuulize. Jana nimekuangalia tena. Mji mwingine, hawakuwa na daraja, walikuwa na kanisa, na yule bwana akatuelezea madirisha ya kanisa. Uliongoza vilevile, dakika tatu kila kilomita, sawasawa kama mtu anapanga matofali. Ubao wa pembeni ulionyesha thelathini, kamera ikapanda juu kwa helikopta kutuonyesha paa za nyumba. Iliposhuka, haupo.

Aprili kilomita thelathini, jana thelathini. Tumbo gani hilo linalojua kilomita?

Na barua yako nimeirudia. Mtu anabanwa na tumbo katikati ya mashindano, halafu kocha anaridhika? Mimi kijana wangu akiacha gunia nusu mashineni siridhiki. Nimekaa nikaunganisha. Hao wanakutoa, Kassi. Wanaona mtu mweusi asiye na jina anaelekea kushinda, wanakuvuta pembeni apite mtu wao, na watangazaji wamezibwa midomo. Wenzako wote kifuani wana majina, wewe umeandikiwa herufi nne za Kizungu ambazo Bakili anasema ni kampuni ya viatu. Wamekunyima hata kifua. Kama unaogopa kusema, niambie kwa alama yoyote, mimi nitakwenda ubalozini kwa miguu.

Huku Bakili naye kafanya yake. Msalaba wa mama nilishautengenezesha, chuma kizuri, umepakwa rangi. Fundi aliposhusha tu kwenye duka, Bakili akaja na Wayao wenzake watatu wakaubeba mchana kweupe. Watu wakacheka, maana Mngoni na Myao ni watani tangu mababu. Nikamfuata mpaka kwake.

"Nyie Wangoni mnazika kwa kelele, mnajenga kwa uvivu," akasema. "Msalaba unalala kwangu mpaka mwenye kaburi aje aukomboe."

Nikamwambia mwenye kaburi ni mimi na niko mbele yake. Akasema anamtaka yule wa pili, mkimbiaji, anayekimbia kila mahali isipokuwa kurudi nyumbani. Nikamwuliza tangu lini Mwislamu akafuga msalaba chumbani. Akasema utani hauna dini. Subira mkewe ameufunika kwa khanga ili wageni wasiulize maswali.

Basi hali ndiyo hiyo. Ndugu yangu ametekwa na Wazungu, msalaba umetekwa na Wayao, na mimi nina mifuko ya saruji stoo.

Nijibu ukweli.

Dada yako,
Imaculata


Utrecht
21 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Hakuna aliyeniteka. Usiende ubalozini, nakusihi. Hakuna ubaya ninaofanyiwa hapa.

Ninaomba kitu kimoja tu na usiniulize sababu. Mbio za Septemba usiziangalie. Siku hiyo nenda shamba, au nenda Mshangano ukamsaidie kijana wako mashineni, utanisimulia mavuno. Mimi nitakupigia jioni yake.

Bakili mwambie huo msalaba asiuweke penye unyevu.

Kassian


Lizaboni, Songea
Jumatatu, 30 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Hukupiga jana jioni, na mimi sikutegemea.

Uliniambia nisiangalie, ndiyo maana nikaangalia. Nikafanya na zaidi. Miezi mitatu nimewatangazia wateja wangu wote kwamba Septemba nendeni mkamwone Kassian. Kibanda kikajaa mpaka Bakili akaazima mabenchi parokiani. Baba mdogo Thadei alikuja na koti la harusi, akawekwa mbele kabisa kwa sababu ya masikio yake. Nikasema leo wanyamaze wakitaka, sisi wenyewe tutaona mtu akikutoa.

Ukatokea, ukiwa mbele. Kibanda kizima kikasema "yuleee". Yule bwana wa hatari sana alikuwepo, yule wa madaraja alikuwepo, na safari hii walikuwa wamemleta mtu wa tatu, mtaratibu, anayejua mbio. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikasema huyu atalitaja.

Akasema, "Huyu wa mbele msimhesabu, ndugu watazamaji. Hayumo kwenye mashindano. Amekodiwa awavute wenzake kwa kasi waliyokubaliana. Akifika kilomita ya thelathini kazi yake imekwisha, anatoka."

Hatari sana akamwuliza, kwa hiyo anaitwa nani?

"Jina lake halina haja," akasema.

Baba mdogo akauliza kwa sauti, "Kasemaje?" Nyuma kijana mmoja akacheka, akasema kumbe tumekuja kuangalia pikipiki ya msafara. Nikainuka nikatoka. Nikasimama ukutani kwa duka langu, naangalia magunia ya mbolea kama mtu anayehesabu, wala sikuwa nahesabu.

Ndani televisheni ikakatwa sauti. Halafu nikamsikia Bakili. Alikuwa amepanda juu ya benchi.

"Mabibi na mabwana," anasema, "anayeongoza ni Kassian Luambano. Mngoni wa Lizaboni, mdogo wake Imaculata wa mashine, mtumwa wangu halali, ana deni langu la msalaba. Kilomita ya ishirini na sita na bado anapumua kwa pua. Nyuma yake wapo Wazungu, wapo Wahabeshi, wanamfuata kama ndama, hawajui kwamba mtu huyu utotoni alikuwa anakimbia hivi hivi akiitwa kuoga."

Watu wakaanza kucheka, kicheko kingine sasa. Nikarudi mpaka mlangoni. Ishirini na saba, Kassian Luambano. Ishirini na nane, Kassian Luambano, na kibanda kinaitikia. Yule kijana wa pikipiki naye aliitikia, nilimwangalia mdomo.

Thelathini ikafika. Safari hii kamera haikwenda kwenye paa wala sabuni, ilisahaulika pale pale. Ukasogea kushoto, ukapunguza, ukasimama. Ukashika magoti. Halafu ukainua uso ukawaangalia wanavyokwenda, mpaka wakapotea kwenye kona, na wewe bado unaiangalia kona.

Miaka minne sijauona uso wako umetulia. Kwenye simu huwa unatikisika, mara pua, mara dari. Umekonda. Umefuga ndevu na zimekaa kama za baba. Bakili akashuka kwenye benchi. Ndipo baba mdogo akasema, kwa sauti ile ile ya mtu asiyesikia vizuri, "Anamsubiri nani pale?"

Hapo nililia. Kabla ya hapo sikulia.

Sasa nisikilize, maana nina hasira na nitaisema. Tangu Aprili nimewatukana watu wale na ukoo wao, na wewe unasoma, unanyamaza. Ulidhani nitaona aibu? Kassi, mahindi ninayosaga si yangu. Gunia likitoka mashineni linakwenda kwa mwenyewe, linaliwa kwake, na hakuna anayesema asante Imaculata mezani. Hiyo ni kazi. Kazi naijua kuliko wewe. Ungeniambia "dada, nimeajiriwa kutangulia", ningewaambia watu wote hivyo hivyo na yule kijana asingepata la kuchekea.

Na ahadi iko palepale. Ulisema siku jina lako likitajwa kwenye televisheni. Limetajwa. Limetoka mdomoni kwa Bakili, lakini televisheni ilikuwa inawaka.

Dada yako,
Imaculata


Utrecht
13 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu niliandika nikachana.

Mwaka wa kwanza hapa nilikimbia kama wengine, kwa ajili ya kumaliza. Nikawa wa arobaini na moja. Meneja akaniita, akasema mimi sitakuja kushinda, akasema hivyo hivyo bila ubaya, lakini miguu yangu ina saa ndani. Nikiambiwa dakika tatu naenda dakika tatu, niwe na upepo usoni au mgongoni. Zile herufi nne kifuani ni PACE, yaani kasi kwa Kizungu, si kampuni ya viatu. Wakimbiaji wakubwa wananiomba kwa jina. Hao wananijua jina, dada, kila mmoja. Tukiwa barabarani wananiambia "Kassian, ongeza kidogo", "Kassian, tulia". Ni nyie tu ndio hamsikii.

Mara moja niliomba niendelee mpaka mwisho. Meneja akasema sawa, ila ukimaliza yote hutakuwa na miguu ya kazi ya wiki tatu zijazo. Nikatoka thelathini. Tunakusanywa na basi. Tukifika kule mwisho, washindi wameshabadilisha nguo, watu wanakunja mabango. Miaka mitatu sijauona utepe.

Aibu siyo kwako. Unamkumbuka mama nikirudi kwenye mashindano ya shule? Amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Hata sijamwamkia, anauliza, "Wa ngapi?" Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua kama akamate kuku au aongeze maharage. Wa kwanza, kuku. Wa tano, maharage. Nimekimbia nchi saba, na mtu akiniuliza wa ngapi, sina namba. Si wa kwanza, si wa mwisho. Kwenye karatasi ya matokeo jina langu halipo hata chini. Sasa mimi nije nisimame juu ya kaburi lake, nimemkosa siku ya kuzikwa kwa sababu ya mbio, halafu aniulize ile mbio ulikuwa wa ngapi?

Ndiyo maana nilikuwa nasubiri televisheni. Nilisema nikitajwa mara moja tu, kwa bahati mbaya hata, nitakuwa na kitu cha kumwambia.

Ulipoandika habari ya Bakili nilikuwa kwenye treni. Nilicheka mpaka mama mmoja wa Kizungu akahama kiti. Halafu nikafika pale kwa baba mdogo.

Nilikuwa simsubiri mtu, dada. Huwa nawaangalia tu mpaka kona. Sijui kwa nini. Ukishampeleka mtu mbali hivyo unataka kuona anapinda salama.

Kuhusu kuja, sijui. Nipe muda.

Kassian


Songea
Jumamosi, 2 Novemba 2024

Mlongo wangu, ndugu yangu wa damu,

Leo ni siku ya marehemu wote. Naandikia hapa hapa makaburini, nimekalia ndoo, daftari gotini. Watu wameshaondoka, padri ameshabariki, nimebaki kung'oa majani.

Nimefikiri hilo la wa ngapi. Wewe unamjua mama wa mlangoni. Mimi ndiye niliyekaa na mama wa kitandani, acha nikuambie la huko. Mwaka wake wa mwisho hakuuliza wa ngapi hata siku moja. Basi la kutoka Dar likipiga honi barabarani alikuwa anageuza kichwa, anauliza, "Amefika?" Namwambia bado, mama. Analala. Kesho honi, "Amefika?" Mpaka nikawa naomba madereva wasahau honi. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa mbali na mbio zilikuwa nyingi. Swali linalokusubiri hapa ni hilo moja, na jibu lake halina namba.

Bakili alikuja leo. Kanzu nyeupe, kofia, na msalaba begani, anapita katikati ya Wakristo wote na mishumaa yao. Watu walicheka mpaka padri akageukia ukuta. Akausimamisha kando ya tuta, akauegemea, akatangaza masharti yake. Baba mdogo akampa kuku. Akakataa. Nikampa soda, akainywa, akakataa.

"Mwenye deni aje mwenyewe," akasema. "Ataubeba mbele ya watu, kutoka nyumbani mpaka hapa. Aende mwendo wa sawa, mzee Thadei asiachwe nyuma na watoto wasimkanyage. Akifika ausimike kwa mikono yake na aushike mpaka saruji ishike. Sitaki kuona fito ya kuegemezea. Na sitaki kumwona anatoka pembeni."

Halafu akaubeba tena begani, akarudi nao kwake. Kwa nyuma kanzu yote imechafuka udongo mwekundu wa mama.

Baba mdogo ameanza kutembea na fimbo. Aliniomba nikuulize unakula nini huko. Mimi nakuambia jambo la dukani: saruji haisubiri. Ikikaa sana inaganda kwenye mfuko, unabaki na mawe yenye umbo la mfuko. Nimeigusa juzi, pembeni imeanza.

Mashine sijabadilisha mkanda. Inakohoa vilevile.

Imaculata


Utrecht
9 Novemba 2024

Dada, shikamoo.

Nimekata tiketi. Natua Dar Alhamisi tarehe kumi na mbili Desemba, Ijumaa napanda basi la alfajiri. Mbio za Januari nimemwambia meneja atafute miguu mingine. Stendi usije na watu. Uje wewe na Bakili. Dereva nitamwomba apige honi kuanzia Mshangano.

Nisaidie mambo mawili nijiandae. Kwanza, pima baba mdogo anatembea kwa mwendo gani siku hizi kutoka nyumbani mpaka makaburini, na fimbo yake, bila kumharakisha. Nataka nianze kuuzoea huo mwendo huku huku.

La pili, saruji. Ikishachanganywa vizuri inachukua muda gani kushika? Nataka kujua nitasimama pale mpaka saa ngapi.

Mdogo wako,
Kassian